Kofia ya Mkono Sifa, Shela la Mkono Aibu?



Leo hatuna mapishi wala singo. Tuna neno, na limetukaa rohoni tangu Mfunguo Tano, mwezi tuliomuoza mdogo wetu wa mwisho. Hatumtaji mtu. Atakayeona limemgusa, basi limemgusa.

Siku ile bwana harusi alipoingizwa ndani kumshika mkono mkewe, alikuwa amevaa kanzu, joho na kofia nyeupe ya vitobo. Kofia ile alishonewa na mama yake mkubwa, kwa mkono, kitobo baada ya kitobo, karibu miezi miwili. Mawifi waliisifu mpaka basi. "Hii si ya duka hii, hii ya mkono!" Mmoja akamvua ndugu yake kichwani, akaipindua ili wageni waone upande wa ndani, namna uzi ulivyofichwa. Vigelegele vikapigwa. Na sisi tulipiga, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri kweli, mashallah.

Haikupita nusu saa, wale wale wakamgeukia mdogo wetu. Wakaushika mkono wa shela lake, wakaupindua. "Hili mmelishona wenyewe?" Tukasema ndiyo, kwa mkono. Wakatazamana. "Kwani madukani yamekwisha?"

Wakacheka. Na mdogo wetu amekaa pale na piko lake, macho chini, hana la kujibu, kwa sababu bi harusi hasemi.

Basi tunauliza, na tunataka jibu. Kofia ya mkono ni sifa, shela la mkono ni aibu, kwa nini? Sindano ni ile ile, uzi ule ule. Hata mikono ni ile ile, mikono ya wanawake wa visiwa hivi. Mwanamke akikaa barazani miezi miwili akimshonea mwanamume kitu cha kuweka kichwani, tunasema huyu anapendwa. Akikaa miezi minne akimshonea mwanamke mwenzake vazi la kumsitiri mwili mzima, tunasema hawa hawana pesa.

Kabla hatujaendelea tujieleze, asije mtu akatusuta. Sisi ni ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Hatukusoma sana: Kidato cha Nne, halafu kozi ya ushonaji, halafu cherehani moja ya kukanyaga aliyotuachia bibi yetu. Sasa tuna duka, vyerehani vinne na wasichana wawili wanaojifunza. Tunashona mabaibui, madera, sare za skuli na nguo za harusi. Na ndiyo, tunakodisha mashela. Yapo matano yananing'inia dukani hivi tunavyoandika, na mawili katika hayo ndiyo yaliyotulipia kodi ya mlango mwaka jana. Kwa hiyo tunayoyasema leo yanatukata wenyewe mfukoni. Tunayasema hivyo hivyo.

Shela la kukodi lina mambo yake ambayo aliye nje ya kazi hii hayajui. Unalipa kodi ya usiku mmoja, unaweka na amana. Likirudi na doa la hina, amana imekwenda. Nguo yenyewe imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, kwa harusi ya namna nyingine: kifua wazi, mgongo wazi, mikono hakuna. Kulitia mkasi huruhusiwi. Basi bi harusi wetu wa Kiislamu anavalishwa ndani yake fulana ya kubana iitwayo ya rangi ya ngozi, na mara nyingi si rangi ya ngozi yake, kisha mgongoni anabanwa pini kumi na mbili ili lisimporomoke. Idadi tunaijua kwa sababu wabanaji ni sisi. Akae hivyo saa nne katika joto la kaskazi, haruhusiwi kuegemea kiti.

Na usituambie ukumbi ni wa wanawake watupu. Ulikuwa. Siku hizi kila mgeni ana simu mkononi, na picha ya bi harusi inafika Muscat kabla mwenyewe hajafika kwa mumewe.

Pesa je? Tulikuwa na mteja, mama mmoja mjane, muuza chapati. Alitaka binti yake wa kwanza avae kama wenzake, akachukua shela letu la ghali kuliko yote. Alilipa taslimu, tukafurahi. Miezi minne baadaye tukakutana naye sokoni Darajani, tukamuuliza hali, akasema anashukuru Mungu, bado marejesho mawili tu kikoba. Kikoba cha nini? Cha shela. Binti alishashika mimba, shela lilishavaliwa na wengine watano, na yeye bado anakanda unga alfajiri kulipia nguo ya saa nne. Pesa ile tulikuwa tumeshaila sisi. Hatukudhulumu, bei ilikuwa imeandikwa ukutani. Lakini tangu siku ile kila mama mwenye mikono yenye unga akiingia dukani tunashindwa kumtajia bei bila kuinamisha uso.

Kwa hiyo mdogo wetu alipotuambia, "Nishoneeni nyinyi, na msipige cherehani, nataka la mkono kama alivyokuwa akishona bibi," hatukukataa. Upande wa mume walikuwa wameshaleta laki nne na nusu za kukodia shela. Mdogo wetu akamuomba mkwewe ruhusa azinunulie godoro na mtungi wa gesi, mkwe akaridhia. Labda hilo ndilo lililowauma mawifi, Allah ndiye ajuaye. Shangazi yetu naye alikuja juu. Akasema tutaitwa mafukara, akasema hatakanyaga ukumbini.

Vitu tulinunua vingine Darajani, vingine tuliagiza Kariakoo vikaja na boti. Satini mita 8, bitana mita 6, neti mita 10, lesi nzito mita 3, shanga na lulu, uzi na vishikizo. Jumla 263,000. Lesi peke yake ilikula 90,000, na hatujutii, kwa sababu lesi rahisi hujulikana hata ukiiona kwa mbali.

Mtatuuliza, wenye vyerehani vinne, kwa nini kwa mkono? Jibu la kwanza ni la kazi. Satini haina msamaha. Sindano ikipita mahali, tundu linabaki, ukifumua linabaki, ukipiga pasi linabaki. Cherehani inakimbia, ikikosea imekosea kwa urefu wa dhiraa nzima. Mkono ukikosea umekosea kitobo kimoja. Lesi nayo, kama unataka maua yapande begani bila mshono kuonekana, lazima ukate ua moja moja ulizungushie uzi ukingoni, na hapo cherehani haisaidii kitu. Shanga vile vile. Mishono ya ubavuni, kusema kweli, cherehani ingeimaliza kwa dakika tano. Ile tuliishona kwa mkono, kwa kurudi nyuma kila hatua, kwa sababu tulishaahidi, na kwa ukaidi pia.

Tulikata kwanza la majaribio, kwa merikani. (Wasichana wetu wa duka walicheka kusikia jina. Ndiyo, ni Marekani hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta kitambaa hicho Unguja tangu karne ya kumi na tisa, na mkataba wa biashara na Sayyid Said ulitiwa saini 1833. Nguo imeacha kuja, jina limebaki.) La merikani likakaa vizuri, ndipo tukagusa satini. Tulitandika shuka nyeupe juu ya mkeka, tukanawa mikono kila baada ya muda, tukajipaka poda viganjani kwa sababu ya jasho. Uzi tuliupitisha kwenye nta usijifunge, na hatukukata mrefu kuliko kutoka kidoleni mpaka kiwikoni. Masika ile umeme ulikuwa unakatika kila mara. Cherehani za umeme zikilala, sindano haina habari.

Na kosa tulifanya. Tulimpima mwanzo, tukasahau kwamba bi harusi akiwekwa ndani, akisingwa na kulishwa na somo, hunenepa. Wiki ya mwisho shela likagoma kufunga. Kilichotuokoa ni akiba ya inchi moja na nusu tuliyoacha kila ubavu. Tukafumua usiku, tukatoa nusu inchi huku na nusu inchi huku, tukashona tena mpaka adhana ya Alfajiri. Yale matundu ya mwanzo yapo, ukijua pa kutazama utayaona. Tuliweka maua mawili ya lesi juu yake.

Sasa lile la mkono waliolipindua wale mawifi. Jirani yetu ni bibi wa makamo, kazi yake ni kushona kofia. Alikuwa akija kwetu Alhamisi baada ya Asri pamoja na wanawake wengine wa mtaa, kila mmoja anapewa kipande chake: huyu lulu, huyu pindo. Pindo lile lilikuwa zaidi ya mita tano kuzunguka, kwa hiyo watu walihitajika. Bibi yule akasema yeye shanga hawezi, macho, lakini vitobo angeshona hata gizani. Satini haishiki vitobo, inachanika. Basi tukaweka ukanda wa bafta nyeupe kwenye ncha za mikono, upana wa vidole vinne, naye akautoboa na kuuzungushia uzi tobo moja moja, kwa nakshi ile ile anayoitia kwenye kofia.

Mmeelewa? Ule ukingo uliopinduliwa na kuchekwa ulikuwa ni kofia. Kazi ni moja na ile waliyotoka kuipigia vigelegele. Ikiwa kichwani kwa kaka yao ni ufundi, ikiwa mkononi kwa wifi yao ni ufukara.

Tunajua wengine watatuambia, lakini kofia ni mila yetu na shela jeupe si letu, kwa hiyo shela lazima litoke nje ndio liwe la kweli. Haya. Ni kweli si letu. Bibi harusi wa zamani hapa alikuwa na kanga yake ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyemuuliza jeupe liko wapi. Mtindo wa jeupe ulipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na satini nyeupe mwaka 1840. Na lesi ya nguo yake iliyofanya watu wote waige ilitengenezwa kwa mkono, na wanawake wa vijijini Devon. Hataza ya cherehani ya Singer ni ya 1851, miaka kumi na moja baadaye. Kwa hiyo hata huko tunakokuiga, shela lenyewe la kuigwa lilikuwa na kazi ya mkono. Tumechukua rangi tukaacha kazi.

Wala dini haiko upande wa wanaocheka. Tunasoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona nguo zake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Na imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya Bi Aisha, Allah amuwie radhi, ambayo tunatamani isomwe katika kila ukumbi kabla muziki haujafunguliwa. Alikuwa na vazi la kitambaa cha kukwaruza, thamani yake dirhamu tano. Akamuonyesha mgeni, akasema kijakazi wake siku hizo alikuwa akilidharau hata kulivaa ndani ya nyumba, na hali enzi za Mtume alikuwa na vazi kama hilo, na hapakuwa na mwanamke aliyekuwa akipambwa Madina ila alituma kwake kuliazima.

Kaeni na habari hiyo kidogo. Vazi moja, la kukwaruza, linazunguka mji kutoka kwa bi harusi mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna aliyeona aibu. Halafu dunia ikafunguka, pesa zikaja, na aliyeanza kuinua pua ni yule wa ndani ya nyumba. Dharau ile haikuanza na mawifi wa mdogo wetu.

Kwa hiyo hatusemi kukodi ni haramu, tusiwekewe maneno mdomoni. Mwenye nacho akodi, mlango wetu uko wazi. Kuazima ni jambo jema, limefanywa na walio bora kuliko sisi. Tunachokipinga ni ule ulimi unaomfanya mama muuza chapati aone bora deni kuliko sindano. Ulimi ule hauchangii hata shilingi ya marejesho.

Lakini na upande wa pili tuuseme, maana hapa ndipo tunapoudhika sisi mafundi. Tangu harusi ile wapo waliopenda shela, na kupenda kwao kumekuja kwa namna hii: "Shoga, si tumekua pamoja? Na mimi nishonee la mkono, bure, iwe zawadi yako." Mwingine alitaka wiki tatu. Mwingine alileta picha ya simu, shela lenye mkia wa mita nne, kitambaa hakuleta. Tukimwambia bei ya miezi minne ya kazi anasema tumebadilika, kumbe na sisi tunapenda pesa.

Ndiyo, tunapenda pesa, tuna kodi ya mlango na wasichana wawili wa kulipa. Dini iliyotufundisha kuazimana ndiyo iliyotufundisha pia kumlipa mwenye kazi ujira wake bila kumchelewesha. Zawadi inatoka kwa anayetoa, haidaiwi. Tulimshonea mdogo wetu kwa sababu tulimbeba mgongoni akiwa mdogo, na yeye alipotuomba aliomba kwa haya, tena alikaa na sisi akishona lulu zake mwenyewe mpaka siku alipowekwa ndani. Ukitaka shela la mapenzi usije kwa fundi, nenda kwa watu wako. Mama yako hajui kushika sindano? Wapo shangazi, wapo mama wadogo, yupo jirani wa kofia. Kata nguo kwa fundi, ukatie kwa pesa, maana kukata ndiko kwenye hatari. Halafu shela lipelekwe nyumbani, litandikwe shuka, na wale watakaokuja kula biriani siku ya walima waanze kuja miezi mitatu kabla kupiga pindo. Atakayekataa kushika sindano, siku ya harusi asishike ukingo wa mkono akaupindua.

Shangazi yetu alikuja, mwishowe. Alikaa karibu na mlango, hakupiga kigelegele hata kimoja, akala, akaondoka. Mpaka leo hatujakaa naye kuzungumza, na hili tunaliandika tukijua atasomewa na wajukuu zake. Shikamoo bi shangazi.

Shela lenyewe mdogo wetu alilirudisha siku ya nne, limefuliwa kwa mkono na kuanikwa kivulini, akasema lisikodishwe. Halimo katika yale matano ya dukani. Liko nyumbani, ndani ya shuka ile ile. Limeshaazimwa mara tatu. Mmoja alikuwa mrefu, tukamuongezea ukanda wa lesi chini. Mwingine alikuwa mwembamba, tukaziingiza zile nusu inchi ndani tena. Masharti ni mawili: lisitiwe mkasi na asiyelishona, na lirudi safi.

Wa nne alikuja juzi na mama yake. Mama tulimjua kabla hajavua viatu mlangoni, ni yule wa chapati, na huyu ni binti wa pili. Aliuliza bei akiwa amesimama. Tulimkaribisha akae, tukamletea shela, akaanza kwa kulipindua atazame ndani, akapitisha kidole kwenye vitobo vya bafta. Akasema, "Hii kazi ya kofia hii." Tukasema ndiyo. Harusi ni Ijumaa ijayo. Binti ni mnene kidogo kuliko mdogo wetu, kwa hiyo kesho tunafumua ubavu, imebaki inchi moja kila upande.